Darubini ya Nyota kwa Anga la Lamu na Malindi: Uchague Ipi?

Lamu iko digrii 2 na robo kusini mwa ikweta, Malindi digrii 3 na ushei. Anayetaka kununua darubini ya kutazamia nyota aanze na namba hizo kabla ya kusoma maneno ya sandukuni, kwa sababu miongozo mingi ya ununuzi huandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na anga lao si hili letu. Wao wanaiona Nyota ya Kaskazini usiku kucha, na sayari miaka mingine huwapitia chini chini, zimezama kwenye hewa nzito. Huku pwani Nyota ya Kaskazini haichomozi kabisa. Sayari nazo hupanda juu sana: ikifika kileleni, sayari huwa digrii 60 hivi au zaidi kutoka upeo wa macho, majira yoyote ya mwaka. Nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion) hupita digrii 2 tu kutoka utosini. Na mwezi wa Machi, kwenye saa sita za usiku, mtu aliyesimama kwenye matuta ya Shela huona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, vyote kwa wakati mmoja.

Neema hiyo ina masharti yake. Darubini inayosifiwa kule inaweza kuwa mateso hapa: stendi yake haikuundwa kwa watu wa ikweta, au haiwezi kutazama juu bila kukuvunja shingo, au mvuke wa chumvi unaila taratibu huku wewe umeiweka kabatini ukidhani iko salama.

Hapa tunalinganisha aina tano: darubini ya macho mawili ya 10x50, darubini ya kioo ya milimita 130 inayowekwa mezani, bomba fupi la Maksutov la milimita 102 (lenye lenzi mbele na kioo nyuma), darubini ya lenzi ya 70/700 (lenzi ya milimita 70, na mwanga hukusanyika milimita 700 nyuma yake) inayouzwa zaidi madukani, na darubini janja inayopiga picha yenyewe na kuzituma kwenye simu. Hukumu yetu tuitoe mapema. Mwenye pesa za kitu kimoja anunue 10x50. Akipata za pili, aongeze ile ya milimita 130. Maksutov ni ya mtu wa mwezi na sayari anayekaa katikati ya mji au anayesafiri sana. Ile ya 70/700, kama inavyouzwa na tripodi yake nyembamba, hatuipendekezi kwa mtu yeyote.

Stendi kwanza

Darubini inayokuza mara 60 hukuza na mtetemo mara 60. Kwa hiyo swali la kwanza si lenzi ina upana gani, bali imekalia nini.

Stendi za EQ, zile zenye mhimili ulioinama na chuma cha uzani kinachoning'inia, ndizo zinazovutia macho kwenye picha. Ziache. Mhimili wake unatakiwa uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kimo cha ncha hiyo kutoka upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali. Kwa Lamu ni digrii 2, yaani mhimili unalala karibu sambamba na sakafu. Stendi ndogo nyingi haziwezi kushuka hivyo: skrubu ya latitudo inafika mwisho mapema, na hata ukiilazimisha, chuma cha uzani kinagonga mguu wa tripodi kila ukizungusha. Juu ya hayo, ncha yetu ni ya kusini, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Ikiwa digrii mbili tatu tu juu ya bahari, ukungu wa upeo unaimeza. Huna pa kulenga.

Stendi ifaayo hapa ni ile ya miondoko miwili: juu na chini, kushoto na kulia. Stendi ya Dobson ni ya jamii hii, kikasha cha mbao kinachozunguka juu ya kibao. Ina kasoro moja ambayo watu wa ikweta huikuta mara nyingi kuliko wenzao. Kitu kikiwa utosini kabisa, kugusa kushoto au kulia hakusaidii. Inabidi uzungushe kikasha kizima nusu duara ili kufuata nyota iliyosogea kidogo tu. Dawa yake ni kusubiri. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, basi tazama sayari ya Mshtarii (Jupita) saa moja kabla hajafika utosini au saa moja baadaye. Hewa bado ni nyembamba pale juu, na mkono unafanya kazi bila kushindana na stendi.

Hapa ndipo 70/700 inapofeli. Bomba lake lina urefu wa sentimita 70 na zaidi, nalo likielekezwa juu, sehemu ya nyuma hugonga mguu wa tripodi au hushuka kiasi kwamba unalazimika kupiga magoti. Nyingi huuzwa na kipande cha kupinda mwanga cha digrii 45, kilichokusudiwa kutazamia ndege na majahazi mchana. Kwa Jabari ya utosini, kipande hicho kinakulaza shingo nyuma. Kama tayari unayo, usiitupe. Nunua kipande cha digrii 90, fupisha miguu ya tripodi hadi mwisho, ning'iniza chupa ya lita 5 ya maji katikati ya tripodi ili itulie, na uitumie ukiwa umeketi. Ikiwa hivyo itakuonyesha pete za Zohali na itaigawa Alfa Centauri kuwa nyota mbili bila shida.

Tahadhari moja kuhusu sanduku lake. Ukikuta limeandikwa "mara 525", ujue mtengenezaji amechukua umbali wa fokasi (pale mwanga unapokusanyika) wa milimita 700, akagawa kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, kisha akazidisha kwa tatu kwa lenzi ya Barlow, lenzi ya ziada ya kuongeza ukuzaji. Hesabu ni sahihi lakini picha utakayoiona ni doa jeusi linalotetemeka. Kipimo cha kutegemewa ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita: lenzi ya 70 haivuki mara 140, na usiku wa kawaida hutaifikisha hapo.

Macho mawili: 7, 10 au 15?

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwale unaotoka kuingia jichoni: 10x50 hutoa milimita 5, 7x50 hutoa milimita 7. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama 7. Ya mtu mzima wa miaka hamsini hivi mara nyingi haivuki 5, kwa hiyo sehemu ya mwanga wa 7x50 humwagika nje ya mboni yake. Ndiyo maana tunasema 10x50 kwa wengi. Ila 7x50 ina sifa ambayo mtu wa Lamu hawezi kuipuuza: hutulia zaidi mkononi, na ndiyo inayotumika vyomboni duniani kote. Kama darubini hiyo itashinda kwenye mashua mchana na darini usiku, chukua 7x50 iliyozibwa kwa mpira na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani. Ya 15x70 huonyesha mengi, lakini ina uzito wa kilo moja na nusu hivi na bila tripodi haifai, na tripodi ya macho mawili kwa vitu vya utosini ni adhabu.

Mahali pa kuitumia ni darini, ukilala chali juu ya mkeka na mto chini ya shingo, viwiko vimekaa kifuani. Kwa njia hiyo utosi unakuwa sehemu rahisi kuliko zote. Uwanja wake wa kuona ni digrii 6 na nusu hivi. Mwezi mpevu ni nusu digrii. Kilimia, ambayo wakulima na mabaharia wa pwani waliitumia kujulia majira, imetanda kama digrii 2, nayo inaingia yote na nafasi inabaki. Utaona milima na mashimo ya mwezini, miezi minne inayoandamana na Mshtarii ukitulia vizuri, galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini, na upande wa kusini Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota linaloonekana kama donge la pamba, digrii 45 juu likifika kileleni. Huko Ulaya wengi hawalioni kabisa. Kuanzia Desemba hadi Februari jioni, ukiwa mahali penye giza kama Kipungani, Wingu Kubwa la Magellan lipo kusini, digrii 20 na zaidi juu ya upeo. Kitu ambacho hutaona ni pete za Zohali. Kwa mara 10 huwa kama yai tu. Zinahitaji mara 25 au 30.

Kioo cha 130 na Maksutov ya 102

Hapa ndipo pa kufikiri sana, maana bei zake zinakaribiana na kila moja ni nzuri kwa kazi yake.

Kwanza mwanga. Eneo la kukusanya mwanga hukua kwa mraba wa kipenyo, basi kioo cha 130 hukusanya karibu mara 1.6 ya Maksutov ya 102, mara 3.4 ya lenzi ya 70, na karibu mara 7 ya jicho moja la 10x50. Kwa nebula ya Jabari, lile wingu la gesi, na kwa Omega Centauri tofauti hiyo huionei shaka: kwenye 130, kwa mara 65 na zaidi, donge la pamba linaanza kuvunjika kuwa nyota moja moja pembezoni. Kwenye 102 linabaki na ukungu wake.

Pili uwanja. Kioo cha 130 cha aina hii, kwa mfano Sky-Watcher Heritage 130P, kina umbali wa fokasi wa milimita 650. Maksutov ya 102 ina milimita 1300. Lenzi ya jicho ya milimita 25 inatoa mara 26 kwenye ya kwanza na mara 52 kwenye ya pili. Ukiweka lenzi pana kuliko zote zinazoingia kwenye shingo ya inchi 1.25, ya kwanza itakuonyesha digrii 2.4 za anga na ya pili digrii 1.2. Kilimia inaingia kwenye ya kwanza, haiingii kwenye ya pili. Anayependa kutembeatembea kwenye Njia Nyeupe karibu na Msalaba atachoka haraka na Maksutov; ni sawa na kutazama Mtaa wa Usita kupitia tundu la funguo.

Tatu sayari, na hapa mizani inageuka. Maksutov inafika mara 130 kwa lenzi ya kawaida ya milimita 10, na picha yake ni kali, nyeusi kwenye nyeusi na nyeupe kwenye nyeupe. Vioo vyake vimekazwa kiwandani na ni nadra kuhama. Kioo cha 130, ukitaka mara 130, unahitaji lenzi ya milimita 5 au Barlow, na vioo vyake lazima viwe vimepangwa sawasawa. Vikiwa vimepangwa, kwa Mshtarii na Zohali 130 huishinda 102. Visipopangwa, hushindwa vibaya.

Kupanga vioo ni kazi ya dakika tano, nayo haikwepeki kwa mtu wa Lamu, kwa sababu darubini yako imetikiswa njia nzima hadi Mokowe, ikarushwa mashuani, kisha ikapanda punda. Toboa kifuniko cha plastiki cha shingo ya lenzi tundu dogo katikati kabisa, kiweke mahali pa lenzi ya jicho, chungulia mchana ukielekeza bomba ukutani kweupe. Kwanza skrubu tatu ndogo za kioo cha mbele: legeza moja robo mzunguko kabla ya kukaza nyingine, hadi uone kioo kikubwa chote kikiwa duara ndani ya kioo kidogo. Kisha skrubu za nyuma ya kioo kikubwa, hadi alama iliyo katikati ya kioo ikae katikati ya kivuli cha tundu lako. Usiku thibitisha kwa nyota iliyo juu: vuruga fokasi kidogo, pete zinazotokea ziwe na kitovu kimoja. Zikivutwa upande mmoja, rudia skrubu za nyuma tu. Anayekaza skrubu zote tatu kwa nguvu anabana kioo, na nyota zake zitaota pembe tatu. Hilo ndilo kosa la kawaida.

Nne, pa kuiweka. Ile ya mezani ina uzito wa kilo 6 hivi na inahitaji kitu imara chenye kimo cha nusu mita. Baraza ya mawe ni bora kuliko meza yoyote. Darini tumia kreti mbili za soda zilizofungwa pamoja, juu yake ubao. Usiweke kwenye meza ya plastiki. Maksutov huhitaji tripodi ya kweli, na bomba lenyewe ni kilo 2 tu, linaingia kwenye mkoba wa mgongoni. Kwa mtu anayeishi Malindi mjini na kupeleka darubini yake Mambrui au Marafa mwisho wa wiki ili kukimbia taa, wepesi huo una thamani kubwa.

Onyo kwa wanaotafuta mtumba: ukiona 127/1000 au 114/1000 lakini bomba lina nusu mita tu, kuna lenzi ya ziada imefichwa ndani ya shingo ili kurefusha fokasi. Picha yake ni laini hata ikipangwa vizuri, na kuipanga ni taabu. Ipite.

Chumvi, kuvu na mchanga

Vifaa vingi huku havifi kwa kutumika. Hufa kabatini. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 70 kwa muda, kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui, na asidi yake hula ule utando mwembamba wa lenzi. Ukiifuta, alama inabaki. Pwani unyevu huwa juu ya kiwango hicho usiku mwingi.

Kwa hiyo hesabu ya kununua iwe pamoja na kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, kipimo kidogo cha unyevu, na silika jeli ya kubadilika rangi. Kwa 10x50, kasha la lita 10 na gramu 100. Kwa Maksutov, lita 25 na gramu 250. Lenga asilimia 40 hadi 50. Vitone vikigeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani kibichi, vikaushe kwenye oveni digrii 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Asiye na oveni atumie sufuria kavu juu ya moto mdogo, akikoroga, na aache mara rangi inaporudi, kwani vikiungua havinyonyi tena. Mchele si mbadala. Hunyonya kidogo na huacha vumbi la wanga.

Kioo cha 130 ni kikubwa mno kwa kasha. Ziba ncha zote mbili kwa vifuniko vyake, tia mfuko wa gramu 50 wa silika ndani, funika kwa mfuko wa kitambaa, weka ghorofani penye hewa inayopita, mbali na sakafu. Zile zenye bomba la wazi katikati, kama Heritage, huingiza mvuke wa bahari moja kwa moja kwenye kioo. Shona kitambaa cheusi cha kuzungushia sehemu ile iliyo wazi, kitazuia na mwanga wa taa za forodhani. Kikasha chake ni cha vumbi la mbao lililogandishwa, na kingo zisizopakwa hufura zikinywa unyevu hadi mzunguko unakwama. Pakaa vanishi mara mbili kwenye kingo zote na ndani ya matundu ya skrubu siku ile ile unayofungua sanduku, kisha badilisha skrubu za nje kwa zile za chuma kisichoshika kutu.

Umande nao una mpangilio wake. Maksutov na lenzi ya 70 zina kioo mbele kabisa kinachotazama anga tupu, nacho hupoa na kuloa kwanza. Tengeneza kola ya sponji nyeusi, ile ya mkeka wa mazoezi, yenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo: sentimita 15 kwa bomba la 102. Kioo cha 130 kimejificha chini ya bomba na huloa mara chache. Jambo jingine: kifaa kilichotoka chumba chenye kiyoyozi kikitolewa nje hufunikwa na maji papo hapo. Kihifadhi chumba cha kawaida. Faida ya pili ya hilo ni kwamba Maksutov, ambayo kwenye nchi za baridi husubiriwa karibu saa nzima ipoe, hapa huwa tayari upesi, maana joto la ndani na la nje halipishani sana. Ikiloa, usiifunge kasheni. Iache chumbani bila vifuniko hadi ikauke.

Mchanga wa Shela ukiingia kwenye lenzi, usifute. Puliza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, kisha ndipo karatasi ya lenzi na tone la spiriti safi. Kioo kikubwa kikishika chumvi huoshwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, pamba ikiburutwa bila kukandamizwa, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa. Maji ya visima vya Lamu yana chumvi na yataacha madoa. Yale maji ya kuongezea betri yanayouzwa gereji yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi ya betri; chupa hufanana, na asidi itaondoa utando wote wa alumini kiooni.

Darubini janja

Seestar S50, iliyotoka mwaka 2023, ni mfano unaojulikana zaidi: lenzi ya milimita 50, fokasi 250, uzito kama kilo 2.5. Huna pa kuweka jicho. Unaiambia kwenye simu iende nebula ya Jabari, inajitafutia, inapiga picha za sekunde kumi kumi na kuzirundika hadi rangi zinatokea. Kwa nebula na galaksi picha zake hupita chochote ambacho jicho litaona kwenye 130, hata ukiwa mji wenye taa kama Malindi. Kwa sayari ni hafifu. Zohali ni nukta yenye masikio.

Ikweta inaisumbua kwa namna mbili. Karibu na utosi picha huzunguka haraka kadiri anga linavyogeuka, picha nyingi hutupwa, na injini hukosa mwendo. Panga kitu chako kiwe kati ya digrii 30 na 70. Na ule utaratibu wa kuiinamisha kufuata mhimili wa dunia, ambao wenye latitudo za kati wanaupenda kwa picha ndefu, kwa digrii 2 unataka kuilaza karibu chini kabisa, jambo ambalo tripodi yake haikukusudiwa. Haina kinga ya mvua wala ya rasharasha za bahari. Kwa mwalimu mwenye darasa la watoto arobaini na skrini moja, hata hivyo, hakuna kinachoikaribia.

Watoto hao wa Malindi wana haki ya kujua kwamba si mbali na kwao, baharini mbele ya Ngomeni, jukwaa la San Marco la Waitaliano lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta: mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure wa karibu mita 465 kwa sekunde. Latitudo ile ile inayotuharibia stendi za EQ.

Mwezi mwandamo na jua

Kwa kuandama kwa mwezi, 10x50 na 7x50 hazina mpinzani kati ya hizi tano. Bomba lenye uwanja wa digrii moja litautafuta mwezi huku ukizama. Mji wa Lamu umetazama mashariki, upande wa Manda, hivyo forodhani hapafai. Panda dari refu au nenda upande wa Matondoni, mahali penye upeo wazi wa magharibi. Subiri jua lizame lote ndipo unyanyue darubini. Mwezi mchanga huku hulala chali, ncha zote mbili zikitazama juu, basi tafuta uzi uliolala moja kwa moja juu ya pale jua lilipozamia, kidogo kushoto au kulia kulingana na mwezi wa mwaka. Kama ushahidi wa darubini unakubalika ni suala la masheikh na kadhi, wao ndio wa kuulizwa.

Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua. Kivuli kamili kitapita Afrika Kaskazini na Uarabuni. Pwani ya Kenya tutaona sehemu ya jua ikiliwa. Kichujio cha jua hukaa mbele ya lenzi, kimefungwa kisipeperushwe na kusi, na 10x50 inahitaji viwili. Miwani ya kupatwa kwa jua haivaliwi ukitazama ndani ya darubini, kwa sababu darubini hukusanya mwanga na kuitoboa. Vile vichujio vyeusi vya kuskrubu vilivyoandikwa jua, vinavyowekwa kwenye lenzi ya jicho ya darubini za bei ndogo, hupasuka kwa joto. Vitupe leo.

Bei na kuipima kabla ya kulipa

Ng'ambo, 10x50 ya maana hupatikana kwa takriban dola 60 hadi 130. Kioo cha 130 cha mezani hukaribia dola 300. Maksutov ya 102 na stendi inayoibeba vizuri huvuka hapo. Seestar ilianza kuuzwa kama dola 500. Ongeza usafiri, ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa kuwa Maksutov bila stendi ni nusu ya kifaa, usiilinganishe na 130 kwa bei ya bomba peke yake.

Anayenunua macho mawili mkononi afanye hivi. Inyooshe mbali na uso, itazame anga jeupe la mchana: vile vidoa viwili vya mwanga viwe duara kamili, vikiwa na kona za kijivu, miche ya ndani (vile vipande vya kioo vinavyopinda mwanga) ni ya kioo duni. Lenzi za mbele ziwe na mng'ao wa kijani au zambarau hafifu, si zile nyekundu kama rubi, ambazo huurudisha mwanga unaoutaka. Mulika tochi kutoka upande mmoja ukichungulia wa pili uone kama kuna nyuzi za kuvu. Halafu lenga mlingoti wa jahazi au ukingo wa paa lililo mbali, tulia, kisha rudisha macho nyuma taratibu sentimita chache. Picha mbili zikipishana kwa kimo, moja juu na moja chini, miche imehama. Kichwa kitakuuma ndani ya dakika kumi, na fundi wa kuirudisha utamtafuta mbali. Omba nyingine kutoka sanduku jingine, na hiyo pia uipime.